Jukwaa Lisilolisha: Watunzi wa Tamthilia ya Kiswahili na Maisha Yao

Tamthilia ni utungo wa mazungumzo na matendo unaoandikwa kwa nia ya kuigizwa mbele ya hadhira, na kwa sababu hiyo mtunzi wake hutofautiana na mshairi au mwandishi wa riwaya kwa jambo moja la msingi: kazi yake haikamiliki mpaka waigizaji, mwelekezaji, mafundi wa jukwaa na watazamaji wawe wameitia mkono. Mshairi aweza kufariki diwani yake ikiwa bado mvunguni, na atakayeiokota atakuwa ameokota diwani nzima. Mtunzi wa tamthilia asiyepata jukwaa huacha nusu ya kazi, hata kama kitabu chake kimechapwa vizuri na kusambazwa nchi nzima. Ndiyo maana maisha ya watunzi hawa hayaelezeki kwa kuorodhesha vitabu na miaka vilipotoka, kama vitabu vingi vya kiada vinavyofanya, bila kuuliza nani aliwapa jukwaa, nani aliwalipa na nani alikaa kuwatazama.

Maswali hayo matatu yakiulizwa kuhusu tamthilia ya Kiswahili, jibu la swali la pili ndilo linalotoa mwanga zaidi. Ni vigumu kumtaja mtunzi wa tamthilia andishi ya Kiswahili aliyeendesha maisha yake kwa fedha za mlangoni, yaani viingilio vya watazamaji. Watunzi wanaotajwa katika historia ya utanzu huu, kuanzia miaka ya 1950 hadi sasa, karibu wote walikuwa wanafunzi au walimu walipoandika, na waliomiliki jukwaa kwa kweli walikuwa shule, chuo kikuu, baraza la mitihani na baadaye wafadhili. Hali hiyo iliwapa watunzi uhuru fulani, maana mshahara wa mwisho wa mwezi haukutegemea ukumbi kujaa, lakini iliamua pia urefu wa tamthilia zao, idadi ya wahusika, mada zilizopewa nafasi na, kwa baadhi yao, wakati wa kuweka kalamu chini.

Mwanzo wenyewe ulikuwa darasani. Katika shule ya Alliance High School, iliyopo Kikuyu nchini Kenya, ambako mwalimu mkuu Carey Francis alisimamia desturi ya kuigiza tamthilia moja ya Shakespeare kila mwaka, wanafunzi walianza katika miaka ya 1950 kutunga michezo yao wenyewe kwa Kiswahili na kuionyesha ndani na nje ya shule. Henry Kuria alitunga Nakupenda, Lakini..., Kimani Nyoga akatunga Maisha ni Nini, Gerishon Ngugi akatunga Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi, na B. M. Kurutu akatunga Atakiwa na Polisi. Michezo hiyo ilihusu mapenzi, ulevi, fedha na vishawishi vya mji, na wahakiki wa baadaye wameiita mepesi kwa kuwa haikugusa vita vya Mau Mau vilivyokuwa vikiendelea nje ya uzio wa shule. Lawama hiyo ina ukweli, ila inasahau kwamba mtunzi wa miaka kumi na minane, aliyekuwa chini ya mwalimu mkuu Mwingereza katika nchi iliyotangaziwa hali ya hatari, hakuwa na jukwaa jingine. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba wengi wa vijana hao hawakuendelea kutunga baada ya kuhitimu: uigizaji ulikuwa shughuli ya shule, na shule ilipokwisha, utunzi nao ulikwisha.

Dar es Salaam ilileta jambo jipya. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya ujamaa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha idara ya sanaa za maonyesho, istilahi inayojumuisha tamthilia, ngoma, utambaji wa hadithi na sanaa nyingine zinazotendwa mbele ya watu. Kiswahili kilikuwa lugha ya taifa, na Rais Julius Nyerere mwenyewe alikuwa ameshatafsiri tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, iliyotoka mwaka 1963, kisha akaongeza Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mkuu wa nchi anapokesha akitafuta mizani ya Kiswahili itakayobeba maneno ya Brutus, vijana wa chuo hawahitaji kuambiwa kwamba tamthilia ni kazi ya heshima. Kwa mara ya kwanza palikuwa na mahali ambapo mtu angeweza kuajiriwa kwa ajili ya kufundisha, kutunga na kuelekeza tamthilia, na kutoka hapo wakatokea watunzi wawili ambao maisha yao, yakitazamwa bega kwa bega, yanaonyesha njia mbili za kukabiliana na tatizo moja.

Wa kwanza ni Ebrahim Hussein, aliyezaliwa mwaka 1943 Kilwa, katika pwani ya kusini ya Tanzania. Tamthilia zake za mwanzo, Wakati Ukuta na Alikiona, zilizochapishwa pamoja mwaka 1970 katika kitabu cha Michezo ya Kuigiza, zinahusu mambo ya nyumbani: binti Tatu anayevutana na wazazi wake kuhusu kijana anayempenda, na mke anayemhadaa mumewe. Ya pili iko karibu sana na kichekesho, yaani mchezo mfupi wa kuchekesha ambao watu wa pwani waliuzoea katikati ya maonyesho ya taarabu, na katika hilo Hussein alionyesha mapema kwamba kuandika kwa namna ya Ulaya hakukumzuia kusikiliza kilichokuwa kikichezwa mtaani. Hata hivyo, kazi iliyomjengea jina ni Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969 na ambayo aliitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza mwaka uliofuata.

Tamthilia hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna maelezo mengi zaidi ya maisha ya mtunzi wake kuliko wasifu wowote. Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu wa kweli, mganga wa Ngarambe aliyeeneza imani ya maji yenye kinga dhidi ya risasi, naye alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa ndiyo kwanza vimeanza. Katika miaka ya mwisho ya 1960 wanahistoria wa chuo kikuu walikuwa wakikusanya masimulizi ya wazee walioviona vita hivyo, na utawala mpya ulihitaji mashujaa waliounganisha makabila kabla ya chama cha TANU. Mtunzi wa kawaida angeandika sifa. Hussein alitahadharisha katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu na hapaswi kuchukuliwa kuwa ndiye yule wa historia, kisha akamtia shujaa huyo mashaka ambayo hayamo katika simulizi za kishujaa.

Mashaka hayo yanatokana na maneno machache. Kinjeketile akiwa amepandwa na Hongo, pepo wa maji, anawatangazia watu kwamba watashinda, kwamba Wamatumbi, Wazaramo na wengine watakuwa kitu kimoja, na kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Watu wanasikia ahadi ya ushindi na kushangilia. Yeye anapozindukana na kuelezwa alichosema, anakwama palepale kwenye jina la Seyyid Said, maana huyo ni sultani wa Unguja, na anaanza kujiuliza kama pepo aliyempanda alikuja kuwakomboa kutoka kwa Mjerumani ili kuwakabidhi kwa Mwarabu. Kitunda, mkuu wa vita, anaendelea na mazoezi. Maji yanaendelea kugawiwa. Watu wanaona kuchelewa kuwa woga. Neno limeshatoka kinywani mwa mtu, limekuwa kubwa kuliko yeye, na hawezi tena kulirudisha. Mwishoni, akiwa mfungwa, anaambiwa kwamba akitamka tu kuwa maji yalikuwa uongo mateso yatakwisha, naye anakataa, si kwa kuwa anaamini maji bali kwa kuwa anafahamu kwamba kulikana neno ni kuwaambia wajukuu kwamba babu zao walipigania upuuzi.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi hiyo kama tamko la mwandishi. Miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, wakati kila ngonjera shuleni, yaani ushairi wa majibizano uliotungwa kufundisha siasa, ilikuwa ikisifu neno jipya la taifa, kijana wa miaka ishirini na sita aliandika tamthilia kuhusu neno zuri linaloweza kumponyoka mwenyewe. Haikuwa tamthilia ya upinzani, na wala serikali haikuiona hivyo. Ilisomwa shuleni Tanzania na Kenya kwa miaka mingi kama hadithi ya umoja. Lakini Mashetani, iliyofuata mwaka 1971, ilifanya iwe vigumu kumsoma Hussein kama mpiga zumari wa taifa. Humo vijana wawili wasomi, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo wa shetani na binadamu chini ya mbuyu, na mchezo huo unamlemea Kitaru hadi akaugua, kwa sababu chini yake mna ugomvi usiosemwa: familia ya Kitaru inapanda ngazi ya mali baada ya uhuru, ilhali nyanya yake Juma amebaki na kumbukumbu za utukufu uliopotea katika mapinduzi ya Zanzibar. Watazamaji na wanafunzi wengi wameiona kuwa ngumu, na ni ngumu kweli, maana inamtaka mtazamaji afuate mambo mawili kwa wakati mmoja, mchezo na mchezo ulio ndani ya mchezo.

Hussein alikwenda kusoma Berlin, Ujerumani Mashariki, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, alikoandika tasnifu ya uzamivu kuhusu maendeleo ya sanaa ya maonyesho Afrika Mashariki, akaimaliza mwaka 1975. Aliporudi alichapisha Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976), tungo mbili ambazo ziliacha kabisa umbo la sebule, milango na mazungumzo, na badala yake zikamweka msimulizi mbele ya watu, kama mtambaji wa ngano. Kisha ikaja Arusi (1980), ambamo matumaini ya ujamaa yanaonekana yakichakaa, na Kwenye Ukingo wa Thim (1988), iliyochota kisa chake katika kesi mashuhuri ya Kenya ya mwaka 1987 kuhusu mazishi ya wakili S. M. Otieno, ambapo mjane Mkikuyu na ukoo wa Wajaluo wa marehemu walishindania mahakamani haki ya kumzika. Mwaka 1986, kabla ya tamthilia hiyo kutoka, alikuwa ameshajiuzulu chuo kikuu. Akaishi Dar es Salaam kwa ukimya, mbali na makongamano, na kuanzia hapo jina lake likawa linatajwa zaidi na watahini kuliko na waigizaji.

Ukimya huo umeelezwa kwa namna nyingi, nyingine zikiwa za kumtukuza na nyingine za kumsikitikia, na mhadhara huu hauna haja ya kuingia katika nafsi ya mtu kutafuta sababu. Yapo mambo ya nje yanayotosha kueleza sehemu yake. Miaka ya 1980 ilikuwa ya uhaba: karatasi hazikupatikana, mashirika ya uchapishaji yaliyumba, mishahara ya wahadhiri ikaliwa na mfumuko wa bei, na mtunzi aliyejiondoa chuoni hakuwa na ukumbi mwingine wa kwenda. Inatia fikra pia kwamba tuzo yenye jina lake, iliyoanza kutolewa mwaka 2014 kwa wosia wa mtengenezaji filamu wa Kanada Gerald Belkin, ni ya ushairi. Hussein ni mshairi mzuri, hilo halina ubishi, lakini tuzo ya shairi humfaa mwandishi anayefanya kazi peke yake, na tamthilia haitungwi hivyo.

Kuna jambo ambalo wahakiki wa fasihi wamelipita haraka mno. Katika miaka hiyohiyo ya 1980, ambapo tamthilia andishi ilikosa ukumbi, Dar es Salaam ilikuwa imejaa maonyesho ya kulipia. Vikundi vya utamaduni, kama vile Muungano na DDC Kibisa, vilijaza kumbi na baa mwisho wa juma kwa programu moja ndefu iliyochanganya ngoma, sarakasi, taarabu, vichekesho na mchezo wa kuigiza, na watazamaji wa kawaida, wafanyakazi na mama wa nyumbani, walitoa fedha zao mlangoni. Michezo iliyoonyeshwa humo haikuandikwa. Kiongozi wa kikundi au mwigizaji mzoefu alieleza kisa, wenzake wakagawana nafasi, na mazungumzo yakazaliwa wakati wa mazoezi, jambo linaloitwa uigizaji wa papo kwa papo. Kwa hiyo nchi ilikuwa na waigizaji wanaolipwa wasio na mtunzi, na watunzi mashuhuri wasio na waigizaji wanaolipwa, na makundi hayo mawili yaliishi katika mji mmoja kwa miongo miwili bila kukutana sawasawa. Wasomi waliviona vikundi hivyo kuwa vya kibiashara na vya kubahatisha. Wanavikundi waliona tamthilia za chuo kuwa ni masomo. Pande zote mbili zilikuwa na haki kiasi, na hasara ikawa ya wote, kwani televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, ni mtindo wa vikundi, si wa vitabu, ulioingia katika michezo ya runingani.

Mtunzi wa pili, Penina Muhando, anayejulikana pia kama Penina Mlama, aliona ufa huo na akaamua kuushughulikia kwa njia ambayo haikumwongezea idadi ya vitabu. Alizaliwa mwaka 1948 Berega, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kubaki hapo kama mhadhiri. Kasi yake ya mwanzo ilikuwa kubwa: Hatia ilitoka mwaka 1972, Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, Heshima Yangu mwaka 1974, Pambo mwaka 1975 na Talaka si Mke Wangu mwaka 1976. Ni tamthilia zenye lugha nyepesi inayotamkika, zinazoigizika na wanafunzi bila mapambo ya gharama, na mara nyingi katikati yake yumo binti au mke ambaye jamii imeshampitishia hukumu kabla hajasema. Ulinganisho na Hussein umemponza katika vitabu vya uhakiki, ambavyo huuita uandishi wake wa moja kwa moja. Lakini aliyekaa katika ukumbi wa shule wakati Hatia ikiigizwa anafahamu kuwa unyofu huo umepimwa, kwa sababu hadhira huanza kubishana kabla pazia halijafungwa.

Baada ya mwaka 1976 vitabu vilipungua na fikra zikaongezeka. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoiwasilisha mwaka 1983, ilichunguza sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru kama chombo cha elimu. Kwa maneno mengine, binti wa Berega alirudi kwao kujifunza jinsi ngoma, nyimbo na maigizo ya unyago yalivyofundisha kabla ya kuwapo shule. Nguzo Mama (1982) ilibeba matokeo ya safari hiyo. Katika kijiji cha Patata, wanawake wanaoitwa kwa hesabu tu, Bi Moja hadi Bi Nane, wamekusanyika kusimamisha nguzo. Kila mmoja ana sababu ya kuiachia kamba, huyu ana biashara ya pombe, yule mumewe amemzuia, mwingine amegombana na mwenzake, na Bi Msimulizi anaimba na kueleza huku nguzo ikibaki chini. Kuwaita wahusika kwa hesabu kunaonekana kuwa dhihaka, na pengine ni dhihaka ya kweli kwa mikutano ya hadhara ya wakati ule ambamo wanawake walihesabiwa mahudhurio na kusahauliwa majina. Lina Ubani (1984) ilifuata, ikitazama vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda na ugumu wa maisha uliokuja nyuma yake, kwa kutumia tena mtambaji wa hadithi.

Wakati huohuo Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa idara walikuwa wakisafiri. Huko Malya, mkoani Mwanza, kuanzia mwaka 1982, na baadaye Msoga, Bagamoyo na Mkambalani, walijaribu kile kinachoitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, ambapo wataalamu hawapeleki mchezo kijijini bali hukaa na wanakijiji, huwasikiliza wakitaja matatizo yao, huyachambua pamoja nao, kisha wanakijiji wenyewe huyatengenezea ngoma, nyimbo na maigizo kwa sanaa wanazozijua, na baada ya onyesho watu hukaa kujadili nini kifanyike. Malya suala lililoibuka lilikuwa mimba za wasichana wadogo na vijana kukosa shughuli, na mjadala haukuishia kwa vijana, kwa maana uliwagusa wazazi na viongozi wa kijiji ambao wasingependa kuguswa. Katika kazi ya namna hiyo hakuna mtunzi mmoja wa kuandikwa jaladani. Anayeitwa mwandishi wa tamthilia amegeuka mwezeshaji, na utungo wenyewe hufa siku ya onyesho au hubadilika katika onyesho linalofuata.

Muhando alieleza uzoefu huo katika kitabu cha Kiingereza kilichotoka Sweden mwaka 1991, kuhusu utamaduni na maendeleo, na mwaka 1996 idara hiyo ikaanzisha mradi wa Tuseme, uliowawezesha wasichana wa shule za sekondari kutumia maigizo kueleza yanayokwamisha masomo yao. Yeye mwenyewe alishika nyadhifa za juu za utawala chuoni na baadaye akaongoza shirika la FAWE jijini Nairobi, linaloshughulikia elimu ya wasichana Afrika, ambako Tuseme ikavuka mipaka na kufika nchi nyingine. Wanaohesabu vitabu husema kwamba Penina Muhando aliacha kutunga katikati ya miaka ya 1980. Hesabu hiyo si sahihi. Alibadilisha mahali pa kutungia, na wasichana waliosimama mbele ya walimu wao kuigiza yaliyowasibu ni wengi kuliko wasomaji wa tamthilia yoyote aliyoichapisha.

Hata hivyo njia hiyo nayo ilikuwa na gharama, na haifai kuifunika. Sanaa ya maendeleo huhitaji usafiri, posho na muda, na katika miaka ya 1990 fedha hizo zilitoka kwa wafadhili waliokuja na mada zao: uzazi wa mpango, UKIMWI, usafi wa maji. Mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza Redio Tanzania mwaka 1993, na vikundi vingi vya maigizo vya mitaani viliishi kwa mpango huo. Mfano unaosema zaidi uko katika orodha ya vitabu vya sekondari: tamthilia ya Kilio Chetu, inayohusu vijana na UKIMWI, jaladani haina jina la mtu bali la shirika, Medical Aid Foundation. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa mtunzi ni nani hujibu jina la taasisi, na anapata alama yake. Kijiji cha Malya kilimwondoa mtunzi kwa kumpa kila mtu sauti. Ufadhili ulimwondoa kwa kuweka nembo mahali pake, na mambo hayo mawili hayastahili kuchanganywa.

Kenya ilikuwa na hatari ya aina nyingine, na hapa maelezo yatakuwa mafupi kwa kuwa kisa kinajulikana. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipotunga tamthilia pamoja na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, kwa Kikuyu, serikali ilizuia maonyesho, ikamweka wa kwanza kizuizini mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 1982 ikabomoa jukwaa la wanakijiji. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alikimbilia Zimbabwe na kuendeleza sanaa ya jamii huko hadi alipofariki mwaka 2008. Kwa upande wa Kiswahili, Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa na mtunzi wa Kilio cha Haki (1981), tamthilia kuhusu wafanyakazi wa shamba na kiongozi wao mwanamke, alikamatwa mwaka 1982 na kuwekwa kizuizini zaidi ya mwaka, kisha akafundisha Marekani kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar, aliandika Amezidi na Kitumbua Kimeingia Mchanga huku akifundisha ng'ambo, Japani na Ujerumani. Hivyo baadhi ya tamthilia zinazosomwa zaidi na vijana wa Afrika Mashariki ziliandikwa na watu waliokuwa mbali na kumbi za nyumbani na wasioweza kuhudhuria hata zoezi moja la waigizaji.

Kilichobaki kuwa tegemeo ni mtihani. Kitabu teule, yaani kile kilichochaguliwa na mamlaka ya elimu kisomwe na watahiniwa wote kwa miaka kadhaa, huuzwa kwa wingi ambao ukumbi wowote hauwezi kuufikia, na mrabaha wake, ambao ni asilimia ya mauzo anayolipwa mwandishi, umewafaa watunzi wachache kweli. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia na Mstahiki Meya ya Timothy Arege zimesomwa hivyo Kenya. Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, mwalimu wa sanaa za maonyesho aliyefariki mwaka 2016, imesomwa hivyo Tanzania. Faida hiyo huja na masharti. Mtunzi anayelenga orodha huepuka yasiyofaa watoto wa shule, huweka maudhui juu juu ili yachambulike, na hujikuta akimwandikia mchambuzi wa maswali badala ya mwigizaji. Na orodha ikibadilishwa, mauzo hukoma mara moja. Isitoshe, nakala za wizi na miongozo ya bei nafuu hula sehemu ya mrabaha huohuo, na mwanafunzi anaweza kufaulu vizuri swali la Ngoswe bila kuisoma, sembuse kuiona ikichezwa.

Ili maonyesho yenyewe yasisahaulike na kubaki vitabu tu, jambo moja linaweza kufanyika bila kungoja ruzuku wala sheria mpya. Watu walioigiza na kuelekeza tamthilia za Hussein na Muhando zilipokuwa mpya sasa ni wazee. Wengine wangali wanaishi Dar es Salaam, Bagamoyo, Morogoro na Mwanza, na wanakumbuka nani alicheza Kitunda, maleba yalishonwa na nani, watazamaji walicheka wapi na walinyamaza wapi. Miswada yenye alama za mwelekezaji, picha na matangazo ya maonyesho imo majumbani, katika masanduku ambayo warithi hawatayatambua. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada, ambao kila mwaka huandika tasnifu nyingine kuhusu dhamira katika Kinjeketile, wapelekwe kwa wazee hao na vinasa sauti, na idara za Kiswahili na za sanaa za maonyesho zitenge chumba cha kuhifadhi kitakachopatikana. Kazi hiyo ianze mwaka huu.